Vinasaba safi, mamogramu safi, na kansa ipo: tuchambue kisa cha Olivia Munn

Kisa hiki wengi walikiona Machi 2024 kikipita Instagram, muigizaji wa Marekani Olivia Munn kaposti picha zake akiwa kitandani hospitali na maelezo marefu, watu wakaweka vimoyo, wakaandika pole, wakapita. Mi nimeona nikirudie taratibu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila swali ambalo watu wanauliza kuhusu kansa ya matiti inayokamatwa mapema, kwanini mamogramu, ile picha ya matiti, iseme safi wakati ugonjwa upo, bayopsi (kutoa kipande cha nyama kikapimwe maabara) ya nini tena kama picha zishapigwa, na hiyo "aina" madaktari wanayoitaja ni kitu gani hasa, maana wengi tunajua kansa ni kansa basi.

Mtiririko wenyewe uko hivi. Februari 2023, Olivia ana miaka 42, ana mtoto mdogo wa mwaka na kitu, haumwi popote. Anapima vinasaba, paneli ya jeni 90 zinazohusishwa na kansa mbalimbali, na zile BRCA maarufu zikiwemo. Majibu hamna kitu. Dada yake naye kapima, hamna kitu, wakapigiana simu kufurahi. Majira hayohayo ya baridi anapiga mamogramu, ya kawaida kabisa. Miezi miwili baada ya hapo anaambiwa ana kansa, tena titi la kulia na la kushoto.

Sasa ukisoma haraka unaweza kusema vipimo vya kule navyo vinadanganya. Hapana. Kila kipimo kilijibu kile kilichoulizwa, shida ni kwamba sisi tukisikia "safi" ya kipimo kimoja tunaichukua kama jibu la maswali yote.

Chukua hiyo ya vinasaba. Kipimo cha jeni hakikwambii kama una kansa leo, kinakwambia kama umerithi hitilafu fulani inayopandisha uwezekano wa kuipata. BRCA1 na BRCA2 zilipatikana katikati ya miaka ya tisini na zikajulikana dunia nzima kwa sababu mwanamke mwenye hitilafu kwenye mojawapo hatari yake maishani inavuka asilimia 60, ila kansa za matiti zinazotokana na hizi hitilafu za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya zote. Maana yake wanawake wengi sana wanaougua, ukiwapima BRCA utakuta hawana. Kwa hiyo majibu ya Olivia yalikuwa ya kweli, yalimtoa kwenye kundi moja dogo lenye hatari kubwa sana na yakamwacha palepale wanapokaa wanawake wengine wote. Hata ile kauli ya "kwetu hakuna mwenye kansa ya matiti" inaanguka hapohapo, kwa wagonjwa wengi kweli hakuna ndugu wa karibu aliyewahi kuugua.

Mamogramu nayo. Ni picha ya eksirei, mafuta yanatoka meusi, tezi na nyuzinyuzi zinatoka nyeupe, na uvimbe wa kansa nao unatoka mweupe. Mwanamke ambaye matiti yake yana mafuta mengi, uvimbe unaonekana vizuri. Mwenye tishu nzito, hasa wanawake ambao hawajafika ukomo wa hedhi, ni kama kutafuta punje ya mchele ndani ya unga wa sembe. Wanaosoma picha huwa wanaupanga uzito huo kwa herufi kuanzia A mpaka D, na C na D ndo nzito, karibu nusu ya wanawake wa miaka 40 na kuendelea wapo humo. Kwa ujumla mamogramu inakosa kansa kama 1 kati ya 8, na kwa matiti mazito inakosa zaidi. Marekani tangu Septemba 2024 kila kituo kinalazimika kumwandikia mwanamke kwenye majibu kama tishu yake ni nzito au la, kabla ya hapo ilitegemea uko jimbo gani.

Kilichomwokoa Olivia, na hili kalisema yeye mwenyewe, ni daktari wake wa magonjwa ya kina mama, Thaïs Aliabadi, ambaye aliamua tu kumpigia hesabu. Sio mashine, sio damu, ni hesabu. Unajaza umri, historia ya familia, ulizaa mtoto wa kwanza ukiwa na miaka mingapi, umewahi kufanyiwa bayopsi au la, na mengine ya aina hiyo, inatoka asilimia ya uwezekano wa kupata kansa ya matiti maishani. Hizi hesabu si mpya, ya Mitchell Gail wa taasisi ya kansa ya Marekani ni ya 1989, na ziko bure mtandaoni. Mwanamke wa kawaida wa Marekani anapata kama asilimia 12 au 13, ile ya 1 kati ya 8 inayotajwa kila siku. Olivia alizaa mtoto wa kwanza akiwa kavuka 30, na akijumlisha na umri na mambo ya familia akatoka na 37.

Na pale ukivuka 20, miongozo ya chama cha kansa cha Marekani inasema usiishie mamogramu, ongeza MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, kila mwaka. Ndo akapelekwa MRI.

MRI ya matiti unachomwa dawa kwenye mshipa halafu unalala kifudifudi matiti yakining'inia, na kinachotafutwa ni sehemu zinazonyonya ile dawa haraka, kwa sababu uvimbe wa kansa unajitengenezea vimishipa vya damu vya ovyo vinavyovuja. Haijali kama tishu ni nzito au nyepesi. Ubaya wake ni kwamba inashtuka na vitu vingi visivyo na shida, vivimbe vya kawaida, homoni za mwezi, kwa hiyo MRI peke yake haimwambii mtu ana kansa. Baada ya hapo Olivia alipelekwa kwenye ultrasaundi ambayo tayari ilijua inatafuta wapi, na ultrasaundi ikaelekeza sindano ya bayopsi. MRI, ultrasaundi, bayopsi, kwa mpangilio huo, na ni bayopsi tu ndo yenye mamlaka ya kutamka neno kansa.

Hapa nikae kidogo maana ndo penye utamu wa kisa chenyewe.

Sindano ya bayopsi zipo mbili watu wanazichanganya. Kuna ile nyembamba inayovuta seli, majibu yanatoka haraka, inasaidia, ila inaleta seli zilizotawanyika tu. Na kuna ile nene inayokata vipande virefu kama njiti, inaleta nyama yenyewe ikiwa kwenye mpangilio wake. Tofauti ni kubwa kwa sababu swali la kwanza la mtu wa patholojia, yule anayesoma nyama kwa hadubini, ni hili, seli mbaya bado ziko ndani ya mrija zilikoanzia au zimeshatoboa ukuta wa mrija zikaingia kwenye nyama ya jirani? Seli zilizotawanyika haziwezi kujibu hilo.

Kama bado ziko ndani ya mirija ya maziwa, hiyo inaitwa DCIS, hatua ya 0. Haishikiki kwa mkono mara nyingi, inagunduliwa na mamogramu kwa sababu inaacha vichembe vya chokaa vyeupe vidogo sana vimejipanga vibaya. Nyingine zikiachwa zitakuja kutoboa, nyingine zingekaa hivyohivyo mpaka mtu anazeeka, na mpaka leo madaktari wanabishana ni zipi za kuachwa. Kuna na ndugu yake wa kwenye vifuko vya maziwa, LCIS, ambayo pamoja na jina lake kuwa na kansa ndani haihesabiwi kansa, ni alama tu kwamba huyu mtu hatari yake iko juu.

Zikishatoboa ndo kansa vamizi. Iliyoanzia kwenye mirija ndo nyingi, 7 au 8 kati ya kila 10. Iliyoanzia kwenye vifuko ni kama 1 kati ya 10 au zaidi kidogo, na hii ina tabia mbaya, seli zake zimepoteza kile kinachozigandisha pamoja kwa hiyo hazifanyi donge, zinatembea kwa mstari mmojammoja katikati ya nyama. Mara nyingi mkono haushiki kitu, mamogramu haioni kitu, mwanamke anahisi tu titi limekuwa zito upande mmoja. Nyingine ni za nadra, ile ya kwenye chuchu inayofanana na ukurutu, ile ya ute, na kadhalika. Ile ya titi kuvimba jekundu na ngozi kuwa kama ganda la chungwa sitaijadili hapa kwa sababu ikionekana tu haihesabiwi ya mapema, inaanzia hatua ya 3.

Olivia ilikuwa vamizi lakini hatua ya 1, uvimbe usiozidi sentimita 2 kwa lugha ya haraka. Mapema kabisa. Na bado akasema ni kansa inayokwenda kasi na siku 30 baada ya bayopsi akawa amekatwa matiti yote mawili. Watu wakauliza, sasa mapema gani hiyo mtu anakatwa yote mawili?

Ni kwa sababu hatua na aina ni vitu viwili. Hatua inasema kansa imefika wapi, aina inasema ina tabia gani. Na tabia huioni kwenye mamogramu wala MRI, inatafutwa maabara kwenye kile kipande cha nyama, wanakipaka dawa maalumu za kuonyesha vipokezi, yaani sehemu kwenye seli ambako homoni au kichocheo kinashika. Wanatafuta vitu vitatu, kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni, na protini inaitwa HER2. Wengi wanaongeza cha nne, Ki-67, kinachoonyesha asilimia ngapi ya seli zinajigawa muda huo.

Mgawanyo huu ulikuja kushika kasi mwaka 2000 pale kundi la Charles Perou na wenzake walipoangalia jeni zinazofanya kazi ndani ya vivimbe vya matiti wakakuta vinajigawa vyenyewe kwenye makundi, ambayo kwenye hospitali za kawaida tunayakadiria kwa hizo rangi za vipokezi. Luminali A inakula estrojeni, haina HER2, Ki-67 iko chini, inakwenda polepole, ndo nyingi kuliko zote. Luminali B nayo inakula estrojeni lakini Ki-67 iko juu, au projesteroni ni kidogo, au HER2 imo, yaani ni ileile familia ila huyu ana haraka. Kisha kuna kundi la HER2, ile protini imejaa kupita kiasi na ndo inayoisukuma seli ijigawe. Na mwisho zile wanazoziita hasi tatu, hazina kipokezi chochote kati ya hivyo vitatu.

Ya Olivia ilikuwa Luminali B, pande zote mbili. Ndo maana ya ile "kasi".

Kuna mtu atasema mbona mpaka wa Ki-67 kila hospitali unasikia tofauti, huyu anasema 14, yule 20, yule 30. Ni kweli, ni kipimo kinachohesabiwa kwa macho na wasomaji wawili wanaweza kupishana, kwa hiyo A na B si ukuta, mtu akiambiwa 18 asikonde sana kujiuliza yuko upande upi. Waliopo pembeni kabisa, 5 au 60, hao ndo hakuna ubishi.

Sasa angalia jinsi aina ilivyoamua matibabu. Kansa ya Olivia inakula estrojeni, kwa hiyo baada ya upasuaji adui anayebaki ni homoni zake mwenyewe. Akiwa na miaka 43 ovari bado zinafanya kazi, akawekwa kwenye dawa za kuzizima, dawa zikamchosha mpaka kitandani hatoki, na mwaka 2024 akaamua kutolewa ovari, mirija na kizazi. Mtoto wake wa pili, wa kike, akaja kuzaliwa Septemba mwaka huohuo kwa mama wa kubeba mimba. Ukiyaona haya bila kujua aina ya kansa utajiuliza ovari zinahusiana nini na titi. Zinahusiana moja kwa moja.

Na mwaka 2025 Olivia akaelezea ya mama yake. Alimbembeleza mama apigiwe ile hesabu, ikatoka 26 na ushee, mamogramu ya mama ilikuwa safi vilevile, wakasisitiza MRI, ikakuta kansa hatua ya 1. Mtu angetegemea mama na mwana wawe na kitu kimoja. Ya mama ni HER2. Safari nyingine kabisa, kemo mizunguko 12 na Herceptin juu yake. Hii dawa ilianza kutumika Marekani 1998 kwa kansa zilizosambaa na 2006 kwa za mapema, inakwenda kushika ile HER2 moja kwa moja, kawaida mwaka mzima. Kabla ya hapo HER2 ilikuwa moja ya aina zilizoogopwa sana. Sasa mpe Herceptin mtu ambaye hana HER2, umemchoma sindano ya bei mbaya bure. Mpe wa hasi tatu tamoksifeni, dawa ya kuziba kipokezi cha estrojeni, vilevile bure, hana kipokezi cha kuishika, wao tegemeo ni kemo na siku hizi dawa za kuamsha kinga.

Mi nina mawili ya kupinga kuhusu jinsi kisa hiki kilivyopokelewa. La kwanza ni watu kuondoka na imani kwamba kukata yote mawili ndo tiba ya uhakika. Yeye alikuwa na ugonjwa pande zote mbili. Kwa mwenye uvimbe mmoja mdogo, tafiti za Bernard Fisher Marekani na Umberto Veronesi Italia ziliwafuatilia wanawake miaka 20, majibu yakatoka 2002, waliotolewa uvimbe tu wakapigwa mionzi waliishi sawa na waliokatwa titi zima. La pili ni wanaodai kila mwanamke apigwe MRI. Ile hesabu ilikuwa na kazi yake, kuchuja nani aende. Ukiwapeleka wote utawachoma sindano maelfu ya wanawake wasio na kitu.

Na hizo hesabu zenyewe tuzitumie kwa akili. Ya Gail ni ya miaka 35 na kuendelea, haimhusu mwenye BRCA wala aliyewahi kuwa na DCIS, na imejengwa kwa takwimu za wanawake wa Marekani. Mwanamke wa Mbeya akiijaza atapata namba, ila namba hiyo ni ya mwanamke mweusi wa Marekani mwenye umri wake, sio yake.

Huku kwetu Tanzania kisa kinabadilika mahali pengine. Wengi wanafika hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa na uvimbe walioushika wenyewe miezi mingi nyuma, wamepitia duka la dawa, mganga, na dogo fulani wa zahanati aliyesema ni maziwa yameganda. Kwa mtu mwenye uvimbe tayari habari ya hesabu ya hatari haina kazi, anahitaji ultrasaundi na sindano nene, basi. Shirika la Afya Duniani kwenye mpango wake wa 2021 limeweka siku 60 tangu mtu anapofika kituoni mpaka ugunduzi ukamilike, na asilimia 60 ya kansa vamizi zikamatwe hatua ya 1 na 2. Na msikubali ile ya "kansa ya Waafrika ni hasi tatu tu", hiyo imebebwa sana na takwimu za Afrika magharibi, Ethiopia kwa mfano imeonekana wengi ni wenye vipokezi vya homoni, yaani watu ambao kidonge cha tamoksifeni kinawahusu.

Lakini ili ujue kipokezi kipo lazima nyama ifike maabara ikiwa nzima, na hapa ndo mahali pa kusumbua watu. Kipande kikitoka mwilini kiingie kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ndani ya saa moja, kikae humo angalau saa 6 na kisizidi 72. Kikichelewa, au kikaachwa kwenye maji ya chumvi, au kikasafiri na basi siku nne kwenye kopo dogo, vipokezi vinafutika na maabara inasoma hasi mahali palipokuwa chanya. Mgonjwa anaandikwa hasi tatu kumbe sio. Kwa hiyo ukimsindikiza ndugu yako kwenye bayopsi muulize sista, kwa heshima tu, formalini ipo hapa au mpaka tukanunue, na kipande kinaondoka lini.

Majibu yakirudi angalia kama yameandika mambo yote, jina la kansa na kama imetoboa, gredi (seli zimeharibika kiasi gani chini ya hadubini), estrojeni asilimia ngapi, projesteroni ngapi, HER2 ngapi. Estrojeni hata asilimia 1 inahesabiwa chanya, japo chini ya 10 ni chanya dhaifu. HER2 ikiwa 0 au 1 ni hasi, 3 ni chanya, na ikiwa 2 bado hamjajibiwa, inatakiwa kipimo kingine cha kuhesabu jeni yenyewe kabla ya mtu kusema Herceptin ndiyo au hapana. Karatasi ikisema "kansa" tu bila hayo, rudi nayo. Kile kipande huwa kinahifadhiwa kwenye nta, kinaweza kupimwa tena hata kwenye maabara nyingine bila mgonjwa kuchomwa upya.